Mwizi wa Kichanja cha Tatu

Mwizi alitokea tena kwenye televisheni saa mbili asubuhi, Mwalimu Hamphrey akiwa ndiyo kwanza amerudi ndani na kushika kikombe cha chai. Koti refu, kofia imevutwa mpaka usoni, mgongo ameipa kamera ya shambani. Aliinama juu ya kichanja cha tatu, akainua ncha ya turubai, akatia mkono kwenye kahawa, kisha akapotelea ukunguni.

Hamphrey alitoka mbio, chai ikamwagika mezani. Alipofika hapakuwa na mtu. Palikuwa na vichanja vitano vya kuanikia kahawa, ya kwanza kuvunwa na mkono wake, na baridi ya kijiji cha Maguu ya mwezi wa sita. Alitukana kwa Kisukuma, maana Kiswahili hakikumtosha.

Shule zilikuwa zimefungwa na hii ilikuwa wiki ya tatu ya kuchezewa. Akizunguka shambani, kimya. Akirudi tu kukaa, mtu huyo hapo kwenye kioo, kana kwamba alijibanza mahali akimsubiri amalize. Na kahawa ilikuwa inakwenda. Kichanja alichokipima Jumatatu kikatoa kilo arobaini, Jumamosi kilitoa ishirini na mbili.

Jina la mwizi alikuwa nalo, na alikwisha kulitangaza. Mzee Bartholomayo, jirani aliyepakana naye mashamba, katekista aliyeongoza sala za Jumapili kigangoni, alikuwa na koti kama lile. Tena ndiye aliyemwambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba kahawa ikikauka inapungua uzito, asihangaike. Hamphrey alikulia Bariadi kwenye pamba, lakini hakuwa mtoto wa kudanganywa kwa pipi. Maji gani yanayokula karibu nusu ya mali ya mtu? Tangu siku hiyo hakumpa mzee shikamoo, na maneno yake yalizunguka kijiji kizima. Jumapili mbili sasa Bartholomayo alikuwa anakaa benchi la nyuma, mtu mwingine akiongoza sala. Ijumaa angeitwa mbele ya baraza la kijiji.

Loveth, mkewe, ndiye aliyesihi fundi aitwe kabla ujirani haujavunjika kabisa. Fundi Alex akapanda na bodaboda kutoka Mbinga mjini, akachuchumaa mbele ya kisanduku cheusi kilichokuwa kikipokea picha za kamera kwa intaneti na kuzitoa kwenye televisheni. Akaitazama saa iliyoandikwa pembeni mwa picha, halafu saa ya ukutani.

"Mwalimu, picha yako iko nyuma dakika nne," alisema.

Dakika nne! Hasira ikampanda Hamphrey upya mpaka masikio yakawaka. Ndiyo maana kila akitoka mbio mwizi ameshakwenda zake. Alimgombeza Alex utadhani yeye ndiye aliyekiunda kile kisanduku. Alex akaendelea na kazi. Alifuta takataka zilizojaza kumbukumbu, akapunguza ukubwa wa picha, akakizuia kisanduku kulimbikiza picha kabla ya kuzionyesha, mwisho akaachana na waifai akachomeka waya.

Kazi ilikuwa haijaisha Mzee Bartholomayo alipobisha hodi. Alivaa koti lile lile, na uso wake haukuwa na upole hata chembe. Alisema amesikia fundi yupo, basi yeye atakaa hapo mbele ya kioo, watu wakimwona, mpaka huyo mwizi atokee. Alisema ana miaka sitini na saba na hajawahi kuchukua hata ndizi ya mtu.

Hamphrey alimpa kiti haraka, maana aliona mzee amejitegea mtego mwenyewe.

"Ukikaa hapa na asitokee mtu," alisema, "mwizi tutakuwa tumemjua."

"Na akitokea?"

"Akitokea, Jumapili nitapiga magoti mbele ya kanisa zima nikupe shikamoo zako zote."

Mzee aliketi, akafunga mikono kifuani.

Alex alipomaliza, saa ya kwenye picha na ya ukutani zilikwenda pamoja, sekunde kwa sekunde. Hamphrey alimwambia Loveth apige simu mara tu atakapoona kitu, asingoje hata kumeza mate. Akachukua koti lake msumarini, akavaa kofia kuzuia baridi, akapita nyuma ya jiko ili asionekane.

Ukungu ulikuwa mzito, na mtu wa hatua kumi usingemjua. Alinyata. Moyoni alikuwa ameshampiga mtu huyo makofi yote aliyokuwa nayo. Kwenye kichanja cha tatu alisimama, akainua ncha ya turubai, akatia mkono, kama afanyavyo kila mara, aone kama kahawa imeguswa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Hakuwa Loveth.

"Mwalimu," ilikuwa sauti ya Mzee Bartholomayo, kavu, "ametokea."

"Wapi?"

"Kichanja cha tatu. Koti refu, kofia usoni, ametupa mgongo huku."

Hamphrey aligeuka kulia, akageuka kushoto. Ukungu mtupu. "Simwoni! Anafanya nini?"

Kwenye simu alisikia Loveth ameanza kucheka.

"Anaongea na simu," mzee alisema. "Mwambie asipige magoti hapo kwenye umande. Kanisani kuna sakafu."