Dereva Asiyepiga Honi

Antoni aliteremsha kofia mpaka kwenye nyusi, akashika usukani kwa mikono miwili. Hakufaulu kujificha. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walikuwa wameshamwona.

"Dereva, leo hupigi honi?" aliuliza mmoja.

"Na vumbi letu je? Au nalo limekwisha madukani?" mwenzake akadakia, na vicheko vyao vikalisindikiza lori mpaka kwenye kona.

Juma zima lori la Bwana Rasik lilikuwa limelala Buswelu, limesheheni pamba ya Magu, tangi limekauka. Vita vya Wazungu vilikuwa vimemeza petroli na mafuta ya taa. Taa za chemli zilining'inia ukutani kama mapambo, na watu walikula ugali kabla jua halijazama. Chumvi na sabuni hazikufika tena vijijini. Basi la Usagara lilikuwa limegeuka kiota, kuku wakitaga kwenye viti. Naye Rasik alikuwa ametuma neno: mvua ikiinyeshea pamba ile, Antoni asirudi kazini. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa ziwa.

Hata hivyo, kilichomkaa moyoni zaidi ni mzee Mayala, aliyekuwa mbele tangu alfajiri.

Mwaka juzi, petroli ilipokuwa tele, Antoni alimkuta mzee mmoja na mkokoteni wa ng'ombe katikati ya barabara. Alimpigia honi mpaka mkokoteni ukaingia mtaroni na magunia ya mpunga yakapasuka.

"Toa mikia yako barabarani, mzee," alimwambia akipita, wala hakutazama nyuma. Hakujua kwamba siku moja angempenda Bernadeta, wala kwamba baba yake Bernadeta ndiye yule aliyemwacha akiokota mpunga kwenye tope.

Wajomba wa Antoni walipokwenda kuposa, Mayala aliwakaribisha maziwa, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kijana huyo namfahamu. Nitajibu siku nikisafiri naye."

Jana Antoni alikwenda kwake mwenyewe, kwa kuwa hakubaki mtu mwingine wa kumwendea. Alipiga magoti mlangoni, akaeleza habari ya tangi na ya mvua. Bernadeta alikuwa akipepeta mtama uani. Ungo ukasimama mikononi mwake. Mayala alisema tu, "Alfajiri."

Sasa lori lilikuwa likienda, na Antoni alitamani lisingekuwa linaenda.

"Baba," aliita. "Ule mpunga wa mwaka juzi..."

"Angalia njia," Mayala alisema bila kugeuka. "Mteremko unakuja. Kanyaga breki polepole, usije ukatuumiza."

Antoni akakanyaga polepole. Hakuwahi kuendesha kwa uangalifu namna ile maishani mwake.

Mji ukajitokeza katikati ya majabali, na ziwa likang'aa nyuma yake. Mafundi cherehani wakaacha kushona. Champaben, mwenye duka la vitambaa, alitoka barazani, akajiziba mdomo kwa ncha ya sari, mabega yakimtikisika. Makuli wa sokoni walijipanga kando ya barabara kama wanaopokea gwaride, na mmoja akapiga saluti. Hawa ndio watu aliozoea kuwatimulia vumbi. Antoni alisikia joto la aibu likimpanda mpaka masikioni. Aliendelea kutazama mbele, maana hapakuwa na pengine pa kutazama.

Matone ya kwanza yalianguka lori likiingia uani mwa kiwanda cha pamba. Vibarua wakakimbilia mizigo, wakaiingiza ndani ingali mikavu.

Rasik alitoka ofisini. Aliitazama pamba, akamtazama dereva wake, kisha akatazama mbele ya lori kwa muda mrefu.

"Antoni," alisema, "nani amekuleta?"

Antoni alivua kofia.

"Nimemleta mimi," alijibu Mayala. "Huyu ni mkwe wangu."

Kisha mzee akainama, akaanza kuwafungua nira ng'ombe wake, mmoja baada ya mwingine, mikia yao ikifukuza inzi mbele ya taa za lori.