Jina la Fundi

"Umaarufu wako, foleni mlangoni kwangu!" jirani alifoka. "Wateja wako wamekalia mpaka ndoo zangu!"

Fundi cherehani alijibanza mlangoni, kijasho chembamba kikimtoka, mgongo wake ukilificha gauni la bibi harusi. Pasi ilikuwa imeliunguza kifuani, alama ya kahawia pana kama kiganja. Mdaku huyu akiiona tu, mtaa mzima utajua kabla jua halijazama, na jina la miaka ishirini litakuwa limekwisha.

"Mbona kunanuka kuungua?"

Jirani akachungulia. Akaliona. Akanyamaza, yeye asiyenyamaza hata usingizini.

Kisha akawageukia wateja. "Fundi hajatia kitu tumboni tangu asubuhi! Rudini kesho!"

Akamshika mkono. "Shoga, funga mlango. Njoo kwangu ule kwanza."