Sale Jekundu

Eliringia alisimama nje ya geti la dada yake akiwa na mche wa majani mekundu yaliyokolea hadi kukaribia weusi. Jani moja alilifunga fundo, kama wafanyavyo kwao kwa jani la sale wanapoomba msamaha. Mama yao alipozikwa, yeye hakutokea.

Aikande alichungulia katikati ya nondo, akacheka bila furaha.

"Hilo ndilo sale? Sale ni la kijani, bwana wee. Hilo ni pambo la hoteli!"

"Nimezunguka mji mzima, dada. Wauza maua wana haya mekundu tu."

"Sale la kweli halikataliwi. Ungelileta, ningelazimika kukusamehe."

"Najua."

"Hili naweza kulikataa."

"Unaweza, dada."

Hakuondoka. Aikande alilitazama lile jani lenye fundo, kisha akaingia ndani. Alirudi na kisu cha jikoni, akapiga magoti na kuanza kuchimba kando ya geti, ambalo bado lilikuwa na kufuli.

"Lete huo mche."

Eliringia akaupitisha kati ya nondo.

"Usiuachie. Ushike usimame."

Mkono wa Eliringia ulibaki ndani, umeshika shina, huku dada yake akilifukia kwa viganja, polepole, udongo ukifunika hata vidole vya mdogo wake.