Mbegu ya Binti Yake

Mzee alikuwa anaiba samadi ya ng'ombe wake mwenyewe. Alfajiri, kabla mkewe hajaamka, aliingia zizini kwa kunyata, akajaza toroli, akalifunika kwa gunia na kulisukuma polepole hadi shambani. Gurudumu alilipaka mafuta lisije likalia. Akishaifukia samadi kwenye matuta ya miwa na kuyamwagia maji, alirudi kujilaza kitandani na kuanza kukoroma hata usingizi wenyewe haujamjia.

Si kwamba mkewe angekasirika. Tatizo mama huyo hakuwa na kifua. Jambo likimfikia asubuhi, mchana binti yao ameshapigiwa simu. Na binti ndiye hasa aliyetakiwa asijue.

Binti alikuwa mtafiti wa miwa. Tangu mvua zianze kusuasua, miwa ya bondeni ilikuwa inakonda mwaka hadi mwaka, naye alikuwa ameumaliza ujana wake akitafuta mbegu inayonenepa kwa maji machache. Hatimaye aliipata. Kilichobaki ni kuijaribu kwa wakulima wenyewe, mbegu mpya upande huu wa mfereji, ya zamani upande wa pili, kisha miwa ipandishwe kwenye mizani. Mkuu wa kituo cha utafiti alikuwa amechoka kusubiri. Mbegu mpya isipoipita ya zamani, kazi inafungwa na mwenye kazi atafute pa kwenda.

"Hii ikishindwa, baba, mimi nimekwisha," binti alimwambia siku ya kupanda.

Yalichaguliwa mashamba mawili, la mzee na la jirani yake fundi baiskeli, bwana mmoja mwenye domo lisilojua kupumzika. Nani kapewa mbegu ipi, hawakuambiwa. Ndivyo utafiti unavyokwenda, binti aliwaeleza. Mkulima akijua, mkono wake unapendelea.

"Mbolea mtapewa sawa, maji sawa, palizi sawa," alisema. "Msizidishe, msipunguze. Mkizidisha mnaniharibia."

Mzee akamkonyeza. Jamani! Mtoto uliyemzaa mwenyewe, ukamsomesha kwa jasho lako, awe na mbegu bora mkononi halafu akampe fundi baiskeli? Hayo ya kutoambiwa yalikuwa maneno ya mbele za watu tu.

"Nimekuelewa, mwanangu."

"Umeelewa nini, baba?"

"Wewe fanya kazi yako."

Basi miwa ikaota, na roho ya mzee ikaanza kuungua. Ya jirani ilinyanyuka kwa fujo, minene, majani yanang'aa. Ya kwake ilidumaa, ikawa ya manjano kama mtu aliyetoka kuumwa.

Fundi akaja kusimama ukingoni mwa mfereji, mikono kiunoni. "Mzee, hiyo ni miwa au fimbo za kuchungia mbuzi?"

Mzee akacheka kwa meno tu. Ndani alikuwa analia. Akilini alimwona binti yake akirudi nyumbani na sanduku kichwani, watu wa bonde zima wamejipanga kumtazama. Miaka yote ile ya kusoma, na mbegu yake inakufa mbele ya macho ya baba yake aliyeketi tu kwenye kigoda! Asubuhi iliyofuata ndipo alipolipaka mafuta gurudumu la toroli.

Samadi ilifanya kazi yake. Miwa ikakolea rangi, ikatanuka, ikawa inavuta kwenda juu kama iliyokumbuka jambo ililosahau. Fundi akapunguza kupita pale mferejini.

Binti alipokuja kukagua, alisimama muda mrefu mbele ya shamba la baba yake. Akashika muwa mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Baba, hujaongeza kitu humu?"

"Mimi? Nikuharibie kazi mwanangu mwenyewe? Hebu acha vituko, mtoto wewe!"

Binti alimtazama machoni, kisha akaitikia kwa kichwa. Baba yake hakuwahi kumdanganya. Hakungoja hata chai. Mzee alimwona akijifuta macho anapoingia kwenye gari, naye akajisemea kwamba machozi ya furaha huanza mapema.

Siku ya kuvuna mkuu wa kituo alikuja mwenyewe. Mizani ilitundikwa kwenye magogo matatu, watu wakajaa. Ikapimwa miwa ya fundi, mafungu kwa mafungu, na fundi akaanza kupokea pongezi mapema kama bwana harusi. Kisha ikaja zamu ya mzee. Mafungu yalijumlishwa, yakarudiwa kujumlishwa, na jibu likawa lile lile: ya mzee imezidi. Si kwa sana, lakini imezidi!

Mkewe akapiga kigelegele. Fundi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akakosa la kusema. Mzee akaivua kofia yake, akaipunga hewani, macho yakimtafuta binti yake katikati ya watu.

"Mwanangu, tumeshinda! Hukuniamini, eh?"

Binti aliinua uso. Kisha akauinamisha tena. Mzee akajua ni haya ya kusifiwa hadharani. Tangu utotoni alikuwa hivyo hivyo.

Mkuu wa kituo akapenya katikati ya watu, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili na kuutikisa.

"Hongera sana, mzee wangu," alisema. "Umetumalizia ubishi. Kumbe hii mbegu ya zamani uliyopanda wewe bado inaishinda ile mpya ya binti yako."