Mti wa Mjane

Koni ya kumi na saba ilikataa kukaa. Shinkai aliibana kwa goti, akazungusha uzi wa manyoya ya mbuzi mara tatu, akakaza fundo na kulificha chini ya majani ya msonobari. Chini yake palikuwa na mteremko wa mawe matupu, na yeye mwanamke wa miaka hamsini na mbili, kang'ang'ania tawi.

Ukweli ni kwamba mti huu ulikwisha kuchumwa tangu Jumatatu. Hakuna aliyejua ila yeye.

Kila mwaka chilgoza, kokwa za msonobari, zikikomaa, wazee huweka jiwe kati ya nyumba zenye kisasi, na bunduki hunyamaza mpaka koni ya mwisho mlimani ishuke. Mti wa mwisho huachiwa mjane. Mwaka huu mjane alikuwa Shinkai, na jiwe lilikuwa kati ya nyumba yake na nyumba ya Lajbar, ng'ambo ya korongo. Kuna damu ya mwaka jana ambayo haijalipwa. Jiwe likiondolewa, Shinkai alijua atampoteza Torgul, mwanawe wa pekee, na hilo hakuwa tayari kulikubali, waseme wasemavyo.

Alichotaka ni theluji tu. Ikishafunga njia, hakuna wa kuvuka korongo mpaka iyeyuke. Siku tano, sita hivi, ingeanguka.

Ndiyo kwanza miguu imegusa chini, akasikia kokoto zikiporomoka. Mzee Paind wa baraza alikuwa akipanda kati ya vichaka vya mireteni na pakanga kavu, anahema. Nyuma yake alikuja Torgul, bunduki begani. Mbali kidogo, peke yake, Lajbar.

"Mama Torgul," alisema mzee, "mti mmoja siku kumi na moja? Au unazitafuna huko huko juu?"

"Ni mgongo, Mzee. Ungekuwa wako, ungekuwa kitandani saa hizi."

"Watu wanasema unatuchezea."

"Basi waje wapande wao."

"Ndio hawa nimewaleta."

Torgul aliinua macho mtini. Alikuwa amekonda. Wiki nzima alishinda juu ya paa akiitazama nyumba ya ng'ambo, chakula anakigusa tu na kukiacha.

"Mbona ni chache," alisema. "Mama, tumalize leo. Nimechoka kungoja."

Mjinga wangu, aliwaza Shinkai, na moyo ukamuuma. Miaka kumi na tisa, na haraka yote hii ya kujitupa shimoni.

"Ngoja nipande mimi," Torgul akasema.

"Wewe ni wa nyumba yake," mzee akamkata. "Atapanda wa upande wa pili. Lajbar."

"Huyu?"

"Huyu huyu. Sheria waliweka babu zako, si mimi."

"Tawi lile ni bovu," Shinkai akawahi kusema.

"Litanibeba, Mama," alijibu Lajbar, akavua viatu.

Shinkai alimfuata kwa macho, mkono kwa mkono, tawi kwa tawi. Lajbar aliifikia koni ya kwanza, akaigusa. Ikabembea, wakati koni iliyoota mtini haibembei. Akatulia. Kisha kidole chake kikaingia polepole chini ya majani, pale pale penye fundo.

Torgul alishusha bunduki begani, akaishika mkononi.

"Vipi?" mzee aliita. "Zimo au hazimo? Nikaliondoe jiwe hilo kabla ya adhuhuri, tupumzike."

Lajbar hakumtazama mzee. Alimtazama Shinkai.

"Zimejaa huku ndani ya majani," alisema hatimaye. "Hata juma zima halitoshi."

Mzee alinung'unika, akamshika Torgul kwa mkono wa kanzu na kumvuta waondoke. Torgul alitema mate, akamfuata. Kokoto ziliporomoka tena, kisha mlima ukawa kimya.

Lajbar alishuka na kuvaa viatu.

"Mama," alisema, macho chini, "sijui nikuambie nini. Mungu akulipe."

"Usinishukuru," alisema Shinkai. "Mume wangu ulimuua wewe, na zamu ya kuua sasa ni ya Torgul. Mimi sitaki tu mwanangu awe kama wewe."