Mbona Mwinjuma Mzima?

Mwinjuma aliruka ndani ya kaburi lililokuwa likimngoja Mwalimu Gabrieli, pampu ya baiskeli mkononi, akakataa kutoka.

Waombolezaji wakaangua kicheko. Ndiyo kazi ya mtani: siku ya maziko humwigiza marehemu mpaka wafiwa wasahau machozi. Agnes, mjane, hakucheka. Tangu alfajiri wifi yake Magdalena alikuwa akimwambia kila aliyepanda kutoka Mgeta kwamba kaka yake amelishwa sumu.

Jana asubuhi, katika shule ya misheni, Gabrieli alifundisha kwa pampu ya kioo iliyojaa moshi wa kahawia wa kemikali. Alipobana sana, kioo kikapasuka. Yeye na Mwinjuma, mfagizi wa shule, waliwatoa wanafunzi, wakabaki ndani kufungua madirisha. Walikohoa kidogo, wakataniana, kila mtu akashika njia yake. Gabrieli akala ugali wa mkewe. Jua lilipozama alikuwa maiti.

"Eti moshi!" Magdalena alimnong'oneza Agnes. "Mbona Mwinjuma kauvuta, na huyo hapo mzima? Tukishazika, polisi wa Morogoro wanakungoja. Utanyongwa, wifi."

Agnes aliogopa hata kulia, wasije wakasema analia kinafiki.

Mwinjuma alibana pampu, akaiga sauti ya marehemu. "Nyie vichwa maji! Ukibana, rangi inakoza, kisha inapauka. Mnadhani moshi umekwisha? Thubutu! Chembe zimekosa nafasi, zimeungana mbili mbili. Achia uone: zinaachana, rangi inarudi!"

"Hebu toka unywe uji, mtani," mama mmoja alimwita.

"Nimefunga, dada. Tangu daku sijatia kitu mdomoni."

Akaendelea kubana na kuachia. Halafu akakohoa, kikohozi cha Gabrieli cha jana jioni, kile kile. Watu wakapiga makofi. Akapiga magoti, akashika kifua, povu jekundu likamtoka mdomoni.

"Jamani, ndiye yeye hasa!" Magdalena alicheka mpaka akashika mbavu.

Agnes alisogea ukingoni mwa kaburi. Alimtazama Mwinjuma akilala chali, midomo imegeuka buluu, macho hayapepesi. Hakumwita mtu. Alipiga ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu.