Kiti cha Kuzunguka

Mwalimu Shemdoe alipoona darasa zima limeinamia madawati, aliitupa chaki. Kipindi kizima alikuwa akieleza mwendo wa mzunguko, na kesho wanafunzi wangechagua masomo. Fizikia ikikosa watu, ingefutwa. Akaburuta kiti cha kuzunguka, akaketi, akashika tofali kila mkono na kunyoosha mikono pembeni.

"Nisukumeni!"

Kiranja akamsukuma, kiti kikazunguka polepole. Alipoyavuta matofali kifuani, kikashika kasi ghafla, kiatu kikamchomoka. Darasa likaangua kicheko. Kengele ikalia, wakatoka mbio bila hata swali moja.

"Mmenichosha!" alifoka, bado akizunguka.

"Mwalimu."

Alikuwa Mwanaidi, binti wa dawati la nyuma asiyezungumza kamwe.

"Kiranja amekusukuma mara moja tu. Hiyo kasi nyingine imetoka wapi?"

Shemdoe akashusha mguu ili asimame.

"Usisimame kwanza, mwalimu. Nyoosha mikono tena, nione."

Akainyoosha. Kiti kikapunguza mwendo, na kila kilipozunguka, uso wa Mwanaidi ulimpitia taratibu, umekunja ndita.